Sahani ya Mkwe

Mimi ni fundi wa cherehani. Nilikuja Suneka kushona sare za shule na magauni ya harusi, sikuja kubeba habari za matumbo ya watu. Lakini mwaka ule wa tisini na sita nilijikuta kwenye baraza la duka langu, mguu uko kwenye pedali, kushoto kwangu amekaa Mong'ina na kulia amesimama mkwe wake, Thadeus. Wote wawili ni Wakisii wa kuzaliwa, Ekegusii kinawatoka bila kufikiri, na mimi Mjaluo wa Homa Bay ndiye nilikuwa mkalimani wao. Kwa Kiswahili. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia nilicheka baadaye, ila siku ile nilikuwa na sketi za shule nzima za kumaliza na nilikuwa nimekasirika.

Mong'ina alikuwa akiuza mboga mbele ya duka langu tangu nilipolifungua. Mumewe, Ogari, alifariki kabla sijafika Suneka. Binti yao wa pekee, Bosibori, aliolewa na huyu Thadeus, mwalimu wa bayolojia aliyepata nafasi ya kusomea digrii ya pili katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Mong'ina alijulikana kwa chinsaga, zile mboga chungu za majani madogo ambazo sisi wa ziwani tunaziita dek. Alizivuna zikiwa changa, akazianika kivulini juu ya ungo, na akina mama walitoka Kisii mjini kuzifuata. Ni mtu wa maneno mengi na vicheko vingi. Akikuuzia fungu moja la mboga, atakuwa ameshakuuliza habari za mume, za watoto, na kwa nini umekonda.

Sasa, Wakisii wana heshima yao wanayoiita chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani wakila, na mambo ya ndani ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mzaha. Sisi Wajaluo tuna ya kwetu, na ni kali kuliko hiyo, kwa hiyo sikuwacheka kwa hilo. Nilichochekea ni kwamba mkwe wa Mong'ina, katika vitu vyote alivyoumba Mungu, alikuwa amechagua kusomea utumbo.

Habari za mvua waliweza kuzungumza wenyewe. Habari za ng'ombe pia. Walisalimiana vizuri kabisa, huyu akitazama barabara na yule akitazama mlima. Yalipofika ya utumbo, wote wawili walinigeukia mimi, kwa sababu mtu asiye wa ukoo anaweza kusema lolote.

"Mama Ogada," Thadeus akaniambia, "mwambie mama hivi. Kule Nairobi niko na seli za utumbo wa panya. Tunazilea kwa chupa."

"Panya mzima?"

"Hapana, seli tu. Vitu vidogo hata macho haiwezi kuona. Tunazipa chakula, zinakaa kwa kabati yenye joto."

Mong'ina alikuwa umbali wa mkono mmoja tu na Kiswahili anakijua cha sokoni na cha kanisani. Akanitazama mimi.

"Amesema nini?"

Heshima ilitaka asiwe amesikia. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepata habari mpya.

"Sasa ukikata parachichi uliache kwa meza," Thadeus akaendelea, "linakuwa namna gani?"

"Linageuka jeusi."

"Ni hewa inafanya hivyo. Na ndani ya tumbo kuna kitu kama hiyo. Ugonjwa, pombe, chakula mbaya, zote zinafanya seli za utumbo ziharibike pole pole vile parachichi inaharibika. Mimi sina wakati wa kungoja, kwa hivyo namwagia seli zangu ile dawa ya kuosha vidonda, ile inatoa povu. Kawaida zinakufa. Lakini nikizinywesha maji ya chinsaga ya mama kwanza, hazikufi. Kuna kitu kwa hiyo majani inazikinga."

"Unazilea, unazilisha, halafu unazimwagia dawa zife?"

"Ndio utafiti, Mama Ogada."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nilitoka shule mapema.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bosibori alikuwa amebeba furushi la chinsaga kutoka kwa mamake, Thadeus akazijaribu, zikafanya maajabu. Lakini wasimamizi wake walisema amebahatisha. Walitaka arudie, na mwisho wa mwezi uliofuata arudie tena wao wenyewe wakiwa wamesimama hapo. Akishindwa, nafasi yake ingekwisha na angerudi kufundisha, na lile jasho lote limekwenda na maji. Kwa hiyo alitaka furushi jingine, la shamba lile lile, lililoanikwa vile vile.

Nilitafsiri yote hayo kutoka Kiswahili hadi Kiswahili. Mong'ina alikuwa akichambua majani, kichwa chini. Mwanamke ambaye huwa anauliza hadi jina la mbwa wako hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Mwambie atapata. Mwambie nitamtengenezea vizuri." Nikadhani ni heshima.

Furushi likaenda Nairobi kwa basi. Simu ya kijijini kwetu wakati huo ilikuwa ni simu ya duka la Haresh, Kisii mjini. Pale ndipo nilinunua uzi, zipu na vifungo, na Haresh alikuwa na moyo wa kupokea salamu za watu na kuzitunza mpaka mwenyewe apite. Siku niliyoambiwa Thadeus atapiga, nilifika mapema nikakaa kwenye gunia la mchele. Simu ikalia. Haresh akanipa.

"Mama Ogada, zimekufa," sauti ya Thadeus ikasema. "Zimekufa zote."

"Uwi! Zote?"

Haresh akavua miwani. Mkewe, Leela, mama yake Khushi, akaacha kupima sukari. Mama mmoja aliyekuja kununua kiberiti akaniuliza polepole ni nani amefiwa, nikamwambia ni mkwe wa rafiki yangu, Mwalimu Thadeus.

"Pole sana," Leela akasema. "Alikuwa watoto?"

"Hapana, Mama Khushi. Ni seli. Vitu vya utumbo wa panya."

Akarudi kwenye sukari yake. Thadeus kule alikuwa bado anaeleza. Yale maji ya kulishia seli huwa na rangi ya chai ya rangi, alisema, na safari hii alipotia maji ya chinsaga yakageuka zambarau. Kwa wanasayansi hiyo ni dalili ya kitu kama jivu. Aliamini kabisa kwamba udongo wa shamba ulikuwa umebadilika.

"Muulize mama kama kuna jivu ilimwagwa kwa shamba. Muulize ya shamba tu. Usimuulize ameweka nini kwa mboga."

"Na kwa nini nisiulize?"

"Mama Ogada, mkwe anaweza aje kumuuliza mama mkwe ameweka nini kwa chakula? Unajua hiyo inamaanisha nini huko kwetu."

Nilijua: ni kumwita mchawi. Kwa maneno madogo kuliko hayo watu walishachomewa nyumba. Nikarudi Suneka na swali la shamba. Jivu limemwagwa? Halikumwagwa. Shamba ni lile lile? Ni lile lile, la chini ya kisima. Kila jibu la Mong'ina lilikuwa kweli tupu, na halikusaidia kitu. Kisha akaniuliza, macho yako kwenye mboga, "Anasema haikumsaidia?"

"Haikusaidia. Imekuwa mbaya zaidi."

Alishika kifua. "Mwambie namtengenezea nyingine. Hii nitaiweka nguvu."

Furushi la tatu likaenda. Safari hii, Thadeus alisema kwenye simu, hata hakuhitaji kumwaga ile dawa ya povu. Seli zilianza kufa zikiona maji ya chinsaga tu. Sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia na wasimamizi walikuwa wameshaandika siku, Jumanne. Alisema labda kweli alibahatisha. Mimi, ambaye sikupenda hata kidogo habari za hizo seli, nilijikuta ninahesabu siku zilizobaki. Huyu ni kijana aliyekuwa akiniletea vitambaa vya Bosibori nimshonee, akisimama mlangoni akieleza kila mshono kama anafundisha darasa.

Nilipoweka simu chini, Leela akaniuliza, "Ni yule mkwe ya mama ya Suneka tena?"

"Ndiye huyo."

"Yeye nasumbuka tumbo sana, pole. Ile mama nakuja hapa kila wiki, nachukua magadi. Nachagua ile nyeupe tu, safi kabisa. Mimi naambia yeye, mama, magadi yote ni moja. Yeye nasema hapana, hii ni ya mkwe yangu, ya tumbo. Wiki jana nachukua mara mbili."

Nikakaa tena kwenye gunia la mchele.

Magadi. Kila mpishi anajua magadi hulainisha mboga na kuzitunza rangi. Na Thadeus mwenyewe alisema ni kitu kama jivu, na magadi ni ndugu wa jivu. Nilimwomba Haresh niipige ile namba ya Nairobi, nikampata Thadeus kabla hajatoka ofisini kwa karani wa chuo, nikamwambia neno moja tu. Nikamsikia akicheka, halafu akajizuia, kama mtu aliyechekea kanisani. Alisema magadi yanaua kile kitu kilichomo kwenye majani kabla hata hakijafika kwenye chupa. Alisema nimwombe mama amtumie nyingine isiyo na magadi, haraka, na nimwombe kwa heshima.

Heshima nilikuwa nimeshiba. Nilishuka Suneka nikamkuta Mong'ina anafunga biashara, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Mama Bosibori, kwa nini unatia magadi kwa mboga ya Thadeus?"

Hakukataa. "Ni ya tumbo yake."

"Tumbo yake gani? Mkwe wako ni mzima. Ni ya panya!"

Alinitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto aliyedanganywa. "Mama Ogada, wewe umekaa huku miaka mingi na bado hujui watu. Mwanaume mzima anatoka Nairobi, anakuja kwa mama mkwe, anasema ati kuna tumbo ya panya inaoza, inataka mboga. Wewe unaona ni panya? Mkwe hawezi kuniambia anaumwa na tumbo. Kwa hivyo amesema panya. Ni mtu wa heshima sana."

Ukiangalia kwa upande wake, lilikuwa jambo la akili kabisa.

"Angekuwa mgonjwa angesema," nikamwambia. "Si wahenga wamesema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilisema tu, kama mtu anavyosema methali. Lakini uso wa Mong'ina ulibadilika, na kicheko chake ninachokijua kikatoka kabisa machoni.

"Ogari alikuwa anasema yeye ni mzima," akasema. "Kila siku, mzima. Mama yangu akiuliza, mzima. Mimi nikiuliza, mzima. Wakati tulimzika ndio nilipata magadi kwa mfuko wa koti yake. Alikuwa analamba kwa siri, ndio itulize tumbo. Sasa huyu mwingine anakuja na maneno ya tumbo, na Bosibori bado ni msichana. Unataka nitoe magadi?"

Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu miaka yote hiyo, na nilijua mumewe alikufa, na sikuwahi kumuuliza alikufa na nini. Nilimshika mkono. Nikamwambia nitamuuliza Thadeus mwenyewe kwenye simu. Akasema atajibu mzima. Nikamwambia tumuulize Bosibori. Akasema Bosibori ataambiwa mzima, kama yeye alivyoambiwa.

"Basi unataka nini, Mama Bosibori? Jumanne ikipita kijana amekwisha."

Alifikiri. "Mtu wa tumbo mbaya hawezi kumaliza chinsaga yangu ile ya ukali, ile haina maziwa. Ogari aliiacha kwa sahani. Nataka kuona sahani."

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa Haresh nikapiga tena. Thadeus hakuamini masikio yake.

"Nije nikule mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

"Mama Ogada, hiyo haiwezekani. Hata baba yangu hakuwahi."

"Basi rudi darasani ukafundishe. Wewe unawatesa hao panya wako kila siku kuona kama watastahimili. Sasa zamu yako."

Haresh alikuwa akisikiliza waziwazi, kiwiko kwenye kaunta. "Mwambie yeye akuje," akasema. "Kama ni mimi, mimi nakuja."

Thadeus akaja Jumamosi. Mong'ina alikuwa amejitahidi kuihifadhi heshima kadiri ilivyowezekana: aliniomba nilete kitambaa, nikaleta kile cha kahawia cha suruali za wavulana, tukakitundika kwenye kamba katikati ya sebule yake. Upande mmoja meza, kiti, na Thadeus ndani ya koti la harusi yake. Upande wa pili Mong'ina kwenye kigoda. Mimi nikasimama kwenye pindo la kitambaa nikiona pande zote mbili, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa na ulimwengu.

Sahani yenyewe ilikuwa mlima. Ugali wa wimbi, na chinsaga iliyochemshwa bila tone la maziwa, chungu ya kukunja uso, na juu yake pilipili ndogo zile zinazoota zenyewe kando ya shimo la takataka. Mimi sina ugonjwa wowote na nisingeiweza.

"Anafanya nini?" Mong'ina akauliza nyuma ya kitambaa.

"Anaosha mikono."

"Sasa?"

"Anaomba."

"Anaomba sana?"

"Ameona pilipili."

Nikawa sasa kama mtangazaji wa mpira wa redioni. Amekata tonge. Amechovya. Ameweka mdomoni. Ametafuna, anameza, macho yametoka machozi lakini anarudi tena kwenye sahani. Thadeus alinitazama kwa jicho la kuomba ninyamaze, na mimi nilikataa, kwa sababu kazi ni kazi. Ameingia katikati ya mlima. Anajifuta jasho. Ameshika tonge lingine, amelitazama, amesimama.

"Amesimama?" Sauti ya Mong'ina ilipanda. "Ameacha?"

"Anapumzika tu, Mama Bosibori."

Hakuningoja. Nilisikia kigoda kikisukumwa, kisha mkono wake ukapita mbele yangu ukakisukuma kitambaa pembeni, kamba ikatikisika. Na Mong'ina akawa amesimama pale, anamtazama mkwe wake usoni, na mkwe wake anamtazama yeye, tonge liko nusu ya njia. Thadeus alitaka kusimama, magoti yakagonga meza.

"Ria," Mong'ina akamwambia. Kula. Lilikuwa neno la Ekegusii, la moja kwa moja, halikupitia kwangu.

Akala. Na Mong'ina, akiwa amesimama vile vile, akaanza kusema naye kwa Ekegusii polepole, na mimi ninakielewa vya kutosha. Alimwambia kwamba Ogari alianza kuacha chakula kwenye sahani. Kwanza kidogo, kisha nusu, kisha akawa anakigusa tu. Yeye akanuna. Alidhani mapishi yake yamemchosha, kwamba labda kuna mahali pengine anakula na kushiba. Akaacha kumsemesha mezani. Alikuwa akiziondoa zile sahani kwa hasira na kuwatupia kuku, jioni baada ya jioni, mpaka siku Ogari alipoanguka na daktari akasema tumbo lilikuwa limetoboka zamani.

"Sikuuliza," alisema. "Nilikuwa mke wake na sikuuliza. Sasa nakuuliza wewe, na chinsoni itanisamehe. Tumbo lako ni zima?"

Thadeus aliweka mikono yake yote miwili mezani. Mashavu yamelowa, na sijui ni pilipili gani ingeweza kufanya yote yale.

"Ni zima, mama. Kabisa. Panya ni panya kweli."

Mong'ina akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha sokoni, kilichokuwa kimepotea kwa siku nyingi, na Thadeus naye akacheka, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kwa kusimama kwenye mpaka. Kijana akarudi kwenye sahani yake akaisafisha yote, akaipangusa kwa tonge la mwisho. Halafu akafanya jambo lililonifanya nimsamehe safari zangu zote za mjini. Alimsogezea sahani mama mkwe wake kwa mikono miwili, akaomba aongezewe.

Aliondoka kesho yake na furushi la chinsaga kavu, majani matupu, jinsi Mong'ina alivyozianika tangu zamani. Tulilikagua wote watatu. Kitambaa changu cha kahawia kilinuka mboga na nikakishona suruali hivyo hivyo.

Jumatano tulikuwa kwa Haresh, mimi na Mong'ina. Alikuwa amevaa gauni la kanisani nililomshonea Krismasi. Haresh akatuletea viti, Leela akatuletea chai yenye tangawizi, na wateja kadhaa waliokuwa wamemaliza kununua hawakuondoka. Simu ilipolia Haresh akaiinua, akasikiliza, akanikabidhi bila kusema, lakini uso wake ulishanijuza.

"Ziko hai," Thadeus alikuwa akisema kwa nguvu hata Leela alisikia. "Mama Ogada, walisimama hapo hapo na makoti yao. Ile chupa haikupewa chinsaga, zote zimekufa. Hii ya mama, karibu zote ziko hai. Wamezitia rangi ndio waone zilizokufa, wameangalia na hadubini, wamehesabu wao wenyewe. Profesa ameuliza hiyo mboga inatoka wapi."

Nikawatangazia. Haresh akapiga kaunta kwa kofi. Yule mama wa kiberiti, ambaye sijui alitokea wapi tena, akasema Mungu ni mkubwa, maiti zimefufuka.

Mong'ina aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono akaniomba ile simu. Nikampa, nikabaki na sikio langu karibu, maana mazoea ni mabaya.

"Thadeus."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Ndio, mama."

"Leo umekula?"

"Nimekula, mama."

"Ukamaliza?"

"Nimemaliza, mama. Sikubakisha."

Alifumba macho kidogo. Kisha akanirudishia simu, akaketi, akavuta kikombe chake cha chai karibu, na kuniambia kwamba sasa ninaweza kuendelea na habari za hizo seli.